Kabla ya Kuifuta Huduma ya Kompyuta, Mjue Anayeiita

Kompyuta ya mtumba inayonunuliwa mjini Mombasa mara nyingi huwa imeshatumikia ofisi ya ughaibuni kwa miaka kadhaa kabla ya kuvuka bahari, na hata pale muuzaji anapokuwa ameisafisha na kuiwekea mfumo endeshi upya, mnunuzi akiifungua orodha ya huduma zinazojiendesha chinichini atakuta majina mengi asiyoyafahamu. Baadhi yaliwekwa na Microsoft, baadhi na kiwanda kilichoitengeneza mashine, baadhi na fundi aliyeiandaa kwa ajili ya kuuzwa, na baadhi ni mabaki ya programu zilizokwisha kuondolewa. Wengi hushawishika kufuta kila jina geni. Hata hivyo, kabla ya kufuta lolote, mtu anapaswa kujua ni nani anayeiita huduma husika na ataiamsha kwa njia gani, kwa sababu jibu la hayo ndilo linaloamua kama huduma itabaki imezimika, kama itarudi mashine ikiwashwa tena, au kama itaondoka pamoja na kitu ambacho mwenye kompyuta alikuwa anakitegemea.

Huduma, kwa maana inayotumika hapa, ni programu inayofanya kazi bila dirisha na bila kusubiri mtu aifungue. Kwenye Windows zote ziko chini ya msimamizi mmoja, programu iitwayo services.exe, ambayo huanza mapema mashine inapowaka, husoma orodha iliyo katika sajili ya mfumo, yaani hifadhi ambamo Windows huweka mipangilio yake, chini ya tawi la HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Services, kisha huamua ipi ianze sasa, ipi ingoje na ipi isianze kabisa. Uamuzi huo hufuata namba iliyoandikwa katika kumbukumbu ya kila huduma: 0 na 1 ni za draiva, yaani programu za kuendesha vifaa, zinazohitajika wakati mfumo wenyewe unapoinuka, na hizo si za kuguswa, 2 ni ya huduma inayoanza yenyewe, 3 ni ya ile inayoanza inapoitwa, na 4 ni ya ile iliyozuiwa. Dirisha la huduma, ambalo hufunguliwa kwa kuandika services.msc, huzigeuza namba hizi kuwa maneno, na tangu Windows Vista liliongezewa aina nyingine, ya huduma inayoanza yenyewe lakini kwa kuchelewa kidogo, ili mtumiaji asisubiri kila kitu kabla ya kuanza kazi.

Namba 3 ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Watu hudhani kwamba huduma iliyowekwa katika hali hiyo haitaanza mpaka mtu aibonyeze kwa mkono wake, ilhali programu yoyote yenye ruhusa inaweza kuiita, na tangu Windows 7 mfumo wenyewe unaweza kuiamsha kutokana na tukio fulani, kwa mfano kifaa kuchomekwa, mashine kupata anwani ya mtandao, au mlango wa faiwoli kufunguliwa. Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba huduma iliyolala katika hali hii haitumii RAM wala prosesa. Anayezuia huduma ishirini za aina hiyo, akiamini kwamba kompyuta yake itakimbia, amerefusha tu orodha ya vitu vitakavyokataa kufanya kazi siku vitakapohitajika.

Kinachowatisha wengi zaidi ni jina svchost.exe, ambalo hujirudia mara kadhaa wa kadhaa katika orodha ya shughuli zinazoendelea. Huduma nyingi za Windows hazina faili lao la kujiendesha. Zimeandikwa kama maktaba za msimbo na hupewa makao ndani ya programu hiyo moja. Hali yake ni kama nyumba ya Kiswahili ya kupangisha kule Majengo, ambayo mlango wa mbele ni mmoja lakini kila chumba kina familia yake, kwa hiyo kumuuliza mtu kwa jina la nyumba hakukufikishi kwake. Zamani huduma nyingi zilichangia makao mamoja, na moja ikianguka ilizivuta nyingine. Mwaka 2017, kuanzia toleo la 1703 la Windows 10, Microsoft ilizitenganisha katika mashine zenye RAM inayozidi GB 3.5, na ndiyo sababu kompyuta ya kisasa isiyo na hitilafu yoyote huonyesha svchost nyingi kuliko ile ya kale. Amri ya tasklist /svc hueleza nani anaishi katika kila moja. Svchost ya kutiliwa shaka ni ile inayoendeshwa kutoka nje ya folda za mfumo, kwa mfano folda ya vitu vilivyopakuliwa.

Suala la kasi linastahili kusemwa waziwazi, maana ndilo linalowapeleka wengi kwenye orodha hii. Katika mashine yenye GB 4 za RAM na diski ya kuzunguka, huduma zinazoweza kuhisiwa na mtumiaji ni chache: ile ya kutengeneza faharasa ya utafutaji, ile iitwayo SysMain ambayo zamani ilijulikana kama Superfetch na ambayo hupakia mapema programu zinazotumika sana, ukaguzi wa virusi, na masasisho yenyewe. Kuisimamisha SysMain kunaweza kuipa nafuu diski inayolemewa, lakini kunaweza pia kuchelewesha kufunguka kwa programu, na matokeo hutofautiana kati ya mashine na mashine. Kwa maoni yangu, fedha za kununua diski ya SSD ya kawaida zitaleta tofauti kubwa kuliko jioni nzima ya kuzuia huduma, na fundi anayemtoza mteja kwa kazi hiyo ya pili bila kumtajia ile ya kwanza hajamtendea haki. Sababu yenye uzito zaidi ya kupunguza huduma ni usalama.

Historia ya Windows inaonyesha hivyo. Mnamo Agosti 2003 mnyoo wa Blaster, programu hasidi inayojisambaza yenyewe, ulisambaa kupitia huduma ya RPC, inayoziwezesha programu kuitana, ambayo ilikuwa wazi kwa mtandao katika mashine za watu ambao hawakuwahi kuisikia. Kipindi hichohicho huduma ya Messenger, iliyokusudiwa kutuma ujumbe mfupi kati ya kompyuta za ofisi moja, ilikuwa njia ya kurushia matangazo kwenye skrini za watu majumbani, hadi Microsoft ilipoizuia kama hali ya kawaida katika kifurushi cha pili cha Windows XP, Agosti 2004. Mwaka 2017 WannaCry, programu hasidi inayofunga faili na kudai fidia, ilipita katika toleo la kwanza la itifaki ya SMB, ya kushirikiana faili, ingawa kiraka chake kilikuwa kimetolewa mwezi Machi, takribani miezi miwili kabla ya shambulio la Mei. Tangu toleo la 1709 la Windows 10 itifaki hiyo ya kale haiwekwi tena katika usakinishaji mpya. Ofisi za mawakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini, ambazo hutumia mashine kubwa za fotokopia za mtumba, huweza kukutana na tatizo hapa: baadhi ya mashine hizo za zamani hutuma nyaraka zilizoskaniwa kwenye folda ya kompyuta kwa itifaki hiyohiyo tu. Kuirudisha ili skana ifanye kazi ni kuufungua tena mlango uliopitisha WannaCry. Afadhali skana ielekezwe kutuma kwa barua pepe au kwa FTP, njia nyingine ya kuhamisha faili, ndani ya mtandao wa ofisi, ikiwa inaweza.

Kusimamisha, kuzuia, kufungia na kufuta

Maneno haya manne hutumika ovyo katika maelekezo, na mkanganyiko mkubwa unatokana na hapo. Kusimamisha ni kuitoa huduma katika kazi inayoendelea sasa. Mashine ikiwashwa upya, hurudi kama ilivyopangwa. Anayeiua shughuli yake kupitia dirisha la usimamizi wa kazi bila kuisimamisha rasmi huenda akaiona imerudi baada ya muda mfupi, kwa kuwa huduma nyingi zimeandikiwa maagizo ya kuanzishwa upya zikianguka, na msimamizi hutekeleza alichoagizwa. Kuzuia ni kubadilisha namba iwe 4, ambapo hata ikiitwa na programu nyingine haitaanza, na programu hiyo itapewa kosa namba 1058. Kufungia ni dhana ya Linux, nitakayoieleza baadaye. Kufuta ni kuliondoa jina lenyewe katika sajili.

Kufuta kwa amri ya sc.exe delete hakuondoi faili la programu kwenye diski, na kama kuna dirisha ambalo bado linaishikilia huduma hiyo, jina litawekewa alama ya kufutwa na kubaki hivyo mpaka dirisha hilo lifungwe au mashine iwashwe upya. Pia programu mama, kama ipo bado, inaweza kuisakinisha huduma yake tena siku itakapojisasisha. Kwa hiyo utaratibu sahihi ni kuisanidua programu mama kwanza kupitia mipangilio ya Windows, kuwasha mashine upya, na ndipo kuangalia kama huduma imebaki yatima. Hiyo yatima ndiyo inayofaa kufutwa kwa amri. Huduma zilizo sehemu ya Windows yenyewe hazifai kufutwa hata kidogo; kama ni kipengele cha hiari, kiondolewe katika orodha ya vipengele vya Windows, na kama si cha hiari, kuzuia kunatosha na kunaweza kurekebishwa.

Hapa pana mtego mdogo kwa wanaotumia PowerShell, dirisha la kuandikia amri. Katika PowerShell inayokuja na Windows, herufi sc peke yake ni jina fupi la amri tofauti kabisa, inayoandika maandishi ndani ya faili, kwa hiyo mtu akiandika sc delete na jina la huduma hatapata ujumbe wa kosa wala hatafuta chochote. Atakuwa ametengeneza faili liitwalo delete. Ndiyo sababu inaandikwa sc.exe kwa ukamilifu.

Huduma moja, meza mbili

Mfano unaoonyesha vizuri kwa nini hakuna orodha moja ya huduma zisizohitajika inayomfaa kila mtu ni Print Spooler, huduma inayopanga foleni ya kuchapisha. Kwa mwenye saiba Mwembe Tayari, ambaye siku nzima anawachapishia watu vyeti vya eCitizen, fomu za mkopo wa HELB na risiti za kodi, huduma hii ndiyo riziki. Kwa mwanafunzi wa Kisauni asiye na printa, ni programu inayofanya kazi kwa mamlaka ya juu kabisa ya mfumo bila kumfaidi kwa lolote, na kumbukumbu zake za usalama si nzuri. Stuxnet, mnyoo uliogunduliwa mwaka 2010, ilitumia udhaifu wa huduma hii kama mojawapo ya njia zake za kusambaa. Mwaka 2021 ukajitokeza udhaifu uliopewa jina PrintNightmare, uliomwezesha mshambuliaji kuendesha programu yake kwa mamlaka hayo ya juu, na Microsoft ikalazimika kutoa kiraka mwezi Julai nje ya ratiba yake ya kawaida.

Mwanafunzi huyo anaweza kuizuia, lakini ajue anachokipoteza. Printa ya kubuni ya Windows inayogeuza waraka kuwa PDF hupitia foleni hiyohiyo, kwa hiyo itatoweka pamoja na zile za kweli, ilhali Word itaendelea kuhifadhi waraka kama PDF kwa sababu haiitumii foleni kwa kazi hiyo. Mwenye saiba naye ana njia ya kati. Katika matoleo ya Windows yenye sera za kikundi, yaani mipangilio ya ziada ya wasimamizi, ipo sera inayoizuia huduma hii kupokea maombi kutoka kompyuta nyingine huku ikiendelea kuchapisha kwa printa iliyochomekwa papo hapo. Ikiwa printa imechomekwa kwenye mashine moja na kompyuta za wateja zinachapisha kupitia hiyo, basi sera hiyo iwekwe kwenye mashine za wateja tu. Ile yenye printa ibaki ikipokea maombi, na isikose masasisho.

Mfano wa pili ni wa saa. Huduma ya kusawazisha saa huonekana ya kupuuzika, na imo katika orodha nyingi za vitu vya kuzuia. Lakini katika kompyuta ya zamani ambayo betri ndogo ya ubao mama imekufa, saa hurudi nyuma kwa miaka kila umeme ukikatika, na kivinjari chenye tarehe ya kale hukataa vyeti vya usalama vya tovuti, kuanzia ya benki hadi ya iTax. Aliyeizuia huduma hiyo ataishi akiulaumu mtandao. Betri yenyewe, aina ya CR2032, hupatikana madukani kwa bei ndogo, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Tegemeo kati ya huduma na huduma ndilo eneo ambalo majina hudanganya. Kila huduma ina kichupo chenye orodha mbili: inazozitegemea, na zinazoitegemea. Orodha ya pili ndiyo ya kusomwa kabla ya kuzuia. Ukiizuia inayobeba nyingine, hizo nyingine zitatoa kosa namba 1068, na mtu atahangaika na sauti iliyopotea bila kujua kwamba alichokizuia ni ile ya kujenga vituo vya sauti, ambayo huduma ya sauti yenyewe imeegemea. Ukiizuia huduma ya DHCP, inayoiombea mashine anwani ya mtandao, mashine itaunganika na ruta lakini itajipa anwani inayoanza na 169.254 na haitafika popote. Hata hivyo orodha hizo hazisemi kila kitu, kwa sababu zinaonyesha tegemeo lililoandikwa rasmi tu. Duka la Microsoft, kwa mfano, hushindwa kusakinisha programu pale huduma ya masasisho ilipozuiwa.

Zipo huduma zinazorudi hata zikizuiwa. Huduma ya masasisho ya Windows 10 na 11 ina mlinzi wake, WaaSMedicSvc, ambaye kazi yake ni kurekebisha mipangilio ya masasisho ikivurugwa. Huduma nyingine huamshwa na kazi zilizopangwa katika ratiba ya mfumo, mahali ambapo watu wengi hawafiki kuangalia, na programu ya kujisasisha ya kivinjari au ya kusomea PDF inaweza kuwa na huduma na kazi ya ratiba kwa pamoja, ili mojawapo ikizimwa nyingine ibaki.

Anayerudi kutoka mbali kuliko wote ni yule anayeishi katika programu ya ubao mama. Tangu Windows 8 kuna utaratibu unaoiruhusu programu hiyo, yaani BIOS, kuikabidhi Windows programu ya kuendeshwa kila inapowaka, na mwaka 2015 Lenovo ililaumiwa kwa kuutumia kuingiza programu zake hata katika mashine zilizosakinishwa upya kutoka diski safi, ikatoa sasisho la kuuondoa mtambo huo. Matumizi halali yapo pia. Moduli ya kampuni ya Absolute, iliyoanzia Kanada, iliyomo katika laptopu nyingi za kibiashara, huirejesha programu yake ya kufuatilia mashine hata diski ikibadilishwa, na hiyo ndiyo kazi iliyonunuliwa kuifanya. Anayenunua laptopu iliyotoka katika shirika la Ulaya na kuikuta huduma iitwayo rpcnet inarudi kila anapoifuta asipoteze muda wake kwenye sajili. Mashine hiyo huenda bado imeandikishwa kwa mwenyewe wa awali, na mazungumzo yanayohitajika ni kati ya mnunuzi na muuzaji, ikiwezekana kabla risiti haijachakaa.

Kwa wengi wetu tunaotumia hotspoti ya simu, gharama ya huduma za chinichini huonekana kwanza kwenye bando. Hapa pia kuzuia huduma si njia nzuri. Windows huutambua muunganisho wa laini ya simu iliyo ndani ya kompyuta kuwa unalipiwa kwa kipimo, lakini hotspoti kwake ni Wi-Fi kama nyingine, mpaka mtumiaji aiwekee alama hiyo mwenyewe katika mipangilio ya mtandao. Alama hiyo moja huahirisha masasisho makubwa na kupunguza mengine mengi. Vilevile Windows ina utaratibu wa kugawana vipande vya masasisho na kompyuta nyingine, na ukiruhusiwa kufika intaneti nzima, bando lako litatumika kuwapakulia watu usiowajua; nao huzimwa katika mipangilio ya masasisho, bila kuigusa huduma yenyewe.

Upande wa Linux

Katika Linux nyingi za leo msimamizi ni systemd, iliyoanza mwaka 2010 na kuingia Fedora 2011, kisha Debian na Ubuntu mwaka 2015. Hapa ngazi ziko wazi zaidi. Amri ya systemctl stop husimamisha, disable huondoa kiungo kinachoianzisha huduma wakati wa kuwaka, na mask hufungia, yaani hulielekeza jina la huduma kwenye /dev/null ili isiweze kuanzishwa na mtu wala programu. Tofauti ya hizo mbili za mwisho ni muhimu. Huduma iliyoondolewa kiungo bado inaweza kuitwa na huduma nyingine, au na soketi, yaani mlango ambao systemd yenyewe inausikiliza kwa niaba yake. Ukiisimamisha cups, inayoshughulikia uchapishaji, systemd hukuonya kwamba cups.socket bado inaweza kuiamsha, na onyo hilo hupuuzwa sana. Huduma na kila kinachotajwa katika onyo visimamishwe, au huduma ifungiwe.

Uchapishaji wa Linux nao ulipata PrintNightmare yake, kwa namna yake. Septemba 2024 ilitangazwa kwamba cups-browsed, huduma ndogo inayotafuta printa mtandaoni, ilikuwa inasikiliza mlango wa UDP namba 631 na kupokea taarifa kutoka kwa yeyote, jambo ambalo likiunganishwa na udhaifu mwingine liliruhusu amri za mshambuliaji kuendeshwa mtu anapochapisha. Ushauri wa haraka kwa wasioihitaji ulikuwa kuiondoa. Amri ya ss -tulpn, ikiendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi, huonyesha kila huduma inayosikiliza mtandao, na kwa maoni yangu orodha hiyo fupi ndiyo pa kuanzia, kabla ya ile ndefu ya huduma zote.

Orodha zilizoandikwa kwa watumiaji wa miji yenye intaneti ya waya katika kila nyumba humtaja ModemManager, huduma inayosimamia modemu, miongoni mwa vitu vya kufutwa. Anayetegemea modemu ya USB kwa intaneti yake nyumbani Likoni akifuata ushauri huo huenda akajikatia njia ya kwenda kutafuta ushauri mwingine. Kadhalika, systemd-analyze blame hutaja huduma kwa muda zilizochukua kuanza, na aliye juu huonekana mkosaji, ilhali huduma huanza sambamba na yule wa juu mara nyingi alikuwa anasubiri tu mtandao. Amri ya systemd-analyze critical-chain ndiyo inayoonyesha nani alimchelewesha nani. Anayeamua kusanidua kabisa kwa apt aongeze kwanza alama ya -s, ambayo huigiza kazi bila kuifanya, asome kila kifurushi kitakachoondoka, na akiona jina la mazingira yake yote ya eneo-kazi limo humo, aache kuondoa na afungie tu.

Kwenye Mac msimamizi ni launchd, tangu mwaka 2005, na huduma za Apple zenyewe zimelindwa tangu toleo la El Capitan la 2015, kwa hiyo kinachobaki kwa mtumiaji ni zile za programu alizoziongeza mwenyewe, ambazo tangu Ventura huorodheshwa katika mipangilio.

Huduma za fundi

Kuna kundi moja ambalo ningelitazama kabla ya yote katika kompyuta yoyote iliyopita mikononi mwa mtu mwingine, nalo ni la programu za kuingia kwa mbali kama AnyDesk na TeamViewer. Mafundi huziweka kwa nia njema ili kumsaidia mteja bila kuvuka jiji, lakini zikisakinishwa kama huduma na kupewa nenosiri la kudumu, huanza kila mashine inapowaka, hata kabla mwenyewe hajaingia katika akaunti yake. Katika ofisi yenye nakala za pasipoti na vyeti vya KRA vya wateja, jambo hilo linagusa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, inayomtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Programu ya namna hii isaniduliwe kwa ukamilifu pale msaada unapokwisha, na mteja amwombe fundi afanye hivyo mbele yake.

Kabla ya kugusa chochote kwenye Windows, tawi la huduma husika katika sajili lihifadhiwe kwa reg export, kwa kuwa faili hilo dogo ndilo litakalorudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Dirisha la msconfig lina kisanduku cha kuficha huduma zote za Microsoft, na kinapaswa kutiwa alama kwanza, kabla ya kitufe cha kuzuia zote. Waliogeuza mpangilio huo wamejikuta wakifungiwa nje ya akaunti zao kwa sababu hata huduma zinazohusika na PIN zilizuiwa. Hati tayari za kupunguza Windows, zinazozuia makumi ya huduma kwa mbofyo mmoja, siziamini katika mashine ya kazi, maana kitu kikiharibika huwezi kujua ni lipi kati ya mabadiliko hayo lilikiharibu. Huduma moja izuiwe, mashine iwashwe upya, kazi za kawaida za siku hiyo zifanyike, zikiwemo za kuchapisha, kuskani na kuunganisha simu, ndipo iguswe ya pili.

Mashine ikikataa kuwaka vizuri baada ya hapo, hali salama ya Windows ndiyo ya kujaribiwa kwanza, kwa kuwa mara nyingi hufungua njia ya kurudi kwenye dirisha la huduma. Hiyo ikishindikana, linabaki dirisha la amri la mazingira ya urejeshaji, na huko lile tawi la CurrentControlSet halionekani kwa sababu huundwa Windows inapoinuka. Sajili ya SYSTEM ya diski hupakiwa kwa mkono, ufunguo uitwao Select husomwa ili kujua seti ipi inatumika, kwa kawaida ControlSet001, na namba 4 ya huduma iliyozuiwa hurudishwa kuwa 2 au 3 kama ilivyokuwa. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows, itadai ufunguo wake wa urejeshaji kabla ya kuruhusu hayo, kwa hiyo ufunguo huo uandikwe pembeni mapema. Kwenye Linux, kuongeza systemd.unit=rescue.target mwishoni mwa mstari wa kerneli katika menyu ya GRUB, inayotokea kabla Linux haijawaka, huifikisha mashine mahali ambapo, kwa kutumia nenosiri la root, yaani msimamizi mkuu, systemctl unmask inaweza kuandikwa.